Toyota MR2 ya 1986 na injini ya valvu 20: uzoefu wangu Nakuru

Wengi huniuliza kama kubadilisha injini ya MR2 yangu kulifaa. Nianze na jibu: nimeridhika. Kama una MR2 ya kizazi cha kwanza, ile AW11 iliyotengenezwa kuanzia 1984 hadi 1989, na injini yake imechoka, usikimbilie turbo, ile pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, wala V6 ya silinda sita kabla hujaifikiria 4A-GE ya valvu 20, injini ya Toyota yenye silinda nne.

Langu lilikuja na 4A-GE ya valvu 16. Ilikuwa inakula oili na kutema moshi wa buluu kila nikikanyaga mafuta baada ya mteremko. Nikauliza bei ya oveholi, pistoni na ringi za kuagiza nje zikanikata maini. Ndipo nikanunua Blacktop, toleo la 4A-GE ya valvu 20 lililokuwa likifungwa kwenye Toyota Levin na Trueno za AE111 kule Japani kuanzia 1995. Ujazo ni ule ule wa lita 1.6, ila kila silinda ina valvu 5 na koo lake la hewa, na kompresheni ni 11 kwa 1. Kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 165.

Hizo 165 zisahau ukiwa huku. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake kwa sababu ya wepesi wa hewa. Wenye turbo watanicheka, na tukifika Timboroa, mita 2,700 na zaidi, wana haki ya kucheka. Lakini turbo ndani ya kile chumba kidogo cha injini nyuma ya viti ni joto, na joto hudai rejeta, klachi na breki nyingine. Mfuko wangu una mwisho.

Kazi ilifanywa katika gereji moja upande wa Shabab. Fundi alinitahadharisha mapema: "Mkubwa, chuma si shida. Waya ndizo zitatusumbua." Giaboksi yangu ya zamani iliipokea injini mpya bila kuchongwa chochote, maana bloku ni za ukoo mmoja. Injini ikiwa bado chini tulibadilisha klachi, mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili za oili. Hapo usibane pesa. Kuufikia mkanda huo injini ikiwa ndani ya gari ni kazi ya kuchubua vidole.

Waya sasa. Aliyeniuzia injini kule Nairobi aliituma na kompyuta yake, lakini nyaya zilikuwa zimekatwa, vimebaki visiki vyenye urefu wa kidole. Fundi wa umeme aliziunga moja moja kwa risasi, akauvalisha kila mmoja mpira wake, huku mchoro anausoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kazi safi kabisa. Gharama ya injini yenyewe haikufika nusu ya niliyotumia yote, na huyu fundi ndiye aliyestahili kila shilingi. Jambo moja zuri: Blacktop haina kile kisanduku cha kibao cha kupimia hewa. Ina sensa ya presha, kwa hiyo kompyuta inajua hewa ya huku ni nyepesi na inapunguza mafuta yenyewe.

Doa la gereji ni maji. Kwenye MR2 rejeta iko mbele, injini iko nyuma, na mabomba yanapita chini ya gari lote. Wao walijaza kama wanavyojaza Corolla, wakanikabidhi funguo. Kabla sijafika Njoro mshale wa joto ulikuwa unapanda huku hita inapuliza baridi: hewa imenaswa. Niliporudi waliunga mirija inayoonyesha ndani kwenye matundu ya kutolea hewa ya rejeta na ya hita, wakaining'iniza juu ya boneti, wakamimina kulanti, yaani maji ya kupozea injini, polepole hadi mapovu yakaisha. Mshale haujasumbua tena. Hawakunitoza, ila pole sikuisikia.

Namba ya injini imo kwenye logibuku, kwa hiyo gari lilibidi likaguliwe na taarifa zibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya. Risiti na karatasi za forodha za injini zidai kabla hujatoa pesa. Na watu wa bima uwaambie.

Barabarani, chini ya mizunguko 4,000 kwa dakika utajiuliza pesa zimeenda wapi. Ikipita 5,000 zile koo nne zinafunguka sauti nyuma ya kisogo chako, na mpando wa kuelekea Gilgil, ambako zamani nilikwama nyuma ya malori, sasa unapitika kwa gia ya tatu bila kuomba. Mafuta inakunywa, sitaficha. Vumbi ndilo linalonipa wasiwasi zaidi: wengi huziacha koo hizo wazi kwa ajili ya mlio, na kwa barabara zetu hiyo ni kuilisha injini mchanga. Nimefunga filta ya sponji ya muda. Fundi wa bati ananitengenezea boksi lenye bomba la kuvuta hewa kutoka lile tundu la ubavuni mwa gari, na likikaa vizuri nitapima tena unywaji wa mafuta.