Mikulčice: nyota tano, ila nendeni na historia kichwani

Anayekwenda Mikulčice akitarajia minara na kuta ndefu atarudi na kinyongo. Ngome hii ya Waslavi, kandokando ya mto Morava huko kusini mwa Ucheki, imebaki misingi ya mawe iliyolala kwenye nyasi. Mimi nimeipenda kupita makasri mengi yaliyosimama, kwa sababu ya watu waliopita hapa katika karne ya 9, ilipokuwa mojawapo ya ngome kuu za Moravia Kuu, milki ya Waslavi wa zama hizo.

Nendeni moja kwa moja kwenye basilika, kanisa kubwa kuliko yote yaliyofukuliwa hapa tangu mwanaakiolojia Josef Poulík aanze kuchimba mwaka 1954. Hapo mkumbukeni Rastislav, mtawala wa Moravia Kuu. Hakutaka watu wake wabaki chini ya mapadri wa Wafranki, milki jirani ya magharibi, basi akatuma wajumbe Constantinople, mji mkuu wa Bizanti, kuomba walimu wa dini wanaojua lugha ya Kislavi. Mwaka 863 wakaja ndugu wawili, Cyril na Methodius, pamoja na herufi mpya zilizotungwa kwa ajili ya lugha hiyo. Mwaka 870 mpwa wa Rastislav mwenyewe, Svatopluk, akamkamata na kumtia mikononi mwa Wafranki, nao wakampofusha na kumfungia katika nyumba ya watawa. Kikulacho ki nguoni mwako! Najua Svatopluk ndiye aliyeitanua milki kuliko mtawala mwingine yeyote wa Moravia hadi alipofariki mwaka 894. Kwangu bado ni msaliti.

Banda la maonyesho limejengwa juu ya misingi halisi ya kanisa jingine. Msipite haraka. Makaburi ya ngome hii, zaidi ya 2,000, yametoa panga, hereni na vifungo vya duara vilivyonakshiwa kwa ufundi ambao sikuutegemea.

Kisha vukeni mto. Kuna daraja la waenda kwa miguu na baiskeli linalowafikisha Kopčany, upande wa Slovakia, kwenye kanisa la Mtakatifu Margareta wa Antiokia. Ni dogo, la mawe, na linahesabiwa kuwa la zama hizohizo za Moravia Kuu, ila hili lina kuta na paa. Mwenye watoto aanzie huku: wakishaliona, ile misingi ya ng'ambo wataielewa bila maelezo marefu. Na wakati wa kiangazi bebeni dawa ya mbu, maana ni bonde la mto.