Ukarabati wa Daraja Letu Kuukuu: Juu Pamependeza, Chini ya Maji Hapajaguswa

Nimelivuka daraja hili kwa miguu karibu kila siku tangu utotoni, na nyumba yangu ipo mahali ambapo mto ukifurika, maji huufikia ukuta wa nyuma kabla ya kufika kwa jirani yeyote. Kwa hiyo kazi ya ukarabati iliyokamilika majuzi ninaitathmini kama mtu ambaye maisha yake yanaitegemea.

Yapo yanayostahili sifa. Sakafu ilikuwa na mashimo yaliyotuwezesha kuona maji yakipita chini ya nyayo zetu. Sasa yamezibwa vizuri, na mwenye baiskeli hana tena haja ya kusubiri gari lipite ndipo apate njia. Vyuma vya pembeni vimefungwa upya na havitikisiki. Matundu ya kutolea maji ya mvua, ambayo yalikuwa yameziba kwa udongo hata nyasi zikaota, yamezibuliwa, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu maji yanayotuama juu ya daraja la chuma hupenya kwenye maungio na kuyala polepole mahali pasipofikiwa na jicho.

Rangi siwezi kuisifu. Kutu imekwanguliwa kwenye sehemu zinazoonekana kutoka barabarani tu. Niliposhuka ukingoni nilikuta rangi imepakwa juu ya magamba ya kutu, na gamba moja nililoligusa kwa ukucha lilibanduka pamoja na rangi yake mpya, likaacha chuma chekundu chenye unyevu.

Lililoniuma zaidi ni kwamba mafundi hao hao walizifunika kwa rangi alama za kina cha maji zilizokuwa kwenye nguzo ya katikati. Usiku wa mvua tulikuwa tukizimulika kwa tochi: maji yakifika kwenye alama ya mita 3, tulihamisha mifugo na kupandisha vitu juu, yakikaribia mita 4, watoto na wazee waliondolewa bila kungoja mapambazuko. Sasa tunabaki kukisia gizani. Nilimweleza msimamizi, akaahidi kwamba alama zitarudishwa, lakini kikosi kikafungasha vifaa na kuondoka, ingawa kuzichora upya ni kazi ya asubuhi moja.

Upungufu mkubwa kuliko yote, hata hivyo, uko kwenye misingi. Madaraja mengi ya mtoni huangushwa na mto wenyewe, unaokula udongo chini ya nguzo, wala si uzito unaopita juu. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo, sehemu yake huzama na kuizunguka kwa nguvu huku yakichimba shimo, na magogo yakinasa hapo uchimbaji huongezeka. Mto ukipungua, mchanga laini hulijaza shimo lile, hivyo anayetazama hudhani kwamba hakuna kilichotokea. Maji yalipokuwa machache nilichomeka ufito kando ya nguzo ya katikati, ukazama karibu urefu wa mkono wangu bila kugusa kitu kigumu. Hatua chache kutoka hapo, ulikwama mara moja kwenye changarawe. Mimi si mhandisi, na ufito si kipimo cha kitaalamu, lakini ulinitosha kuuliza kama kuna mpiga mbizi aliyekagua misingi. Nilijibiwa kwamba mkataba uliishia usawa wa maji.

Jibu hilo haliwezi kumridhisha anayejua yaliyotokea kwingine. Tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu juu ya mto Schoharie, jimboni New York, liliporomoka baada ya mafuriko kuchimba chini ya nguzo yake, na watu 10 wakafa. Mwaka uliofuata kanuni za Marekani zikaagiza misingi iliyo majini ikaguliwe kila baada ya muda usiozidi miezi 60. Nchini Ureno, mwaka 2001, daraja la Hintze Ribeiro lililojengwa katika karne ya 19 lilianguka usiku na kuua watu 59, na uchimbaji wa mchanga mtoni ulitajwa miongoni mwa sababu. Hata kwetu mchanga huchotwa karibu na nguzo kila maji yanapopungua, na hakuna anayezuia.

Kwa kazi ya juu, kikosi hiki ningekipendekeza bila kusita. Wanaotaka kukipa daraja kuukuu kama letu waandike wazi kwenye mkataba ukaguzi wa misingi, kuwekwa kwa mawe makubwa kuzunguka nguzo, kuondolewa kwa magogo na kurudishwa kwa alama za kina cha maji, kisha wasilipe fungu la mwisho mpaka mpiga mbizi awe ameshuka na kutoa taarifa yake.