Spika ya "simu mbili" inayonyamaza jibini ikiwa kikaangoni

Kwenye boksi wamechora simu mbili, moja kushoto, moja kulia, na maandishi makubwa kwamba marafiki wawili watapiga muziki kwa zamu. Hiyo ndiyo sababu pekee ya mimi kuinunua. Rafiki yangu na mimi tunapika vyakula vya Kiitalia pamoja, yeye anaweka wimbo wake, mimi naweka wangu. Kwenye sauti sina ugomvi nayo: besi imetulia, na mwimbaji anasikika hata feni ya jikoni ikiwa inanguruma. Kwa kazi waliyoitangaza, hovyo kabisa.

Spika inashika simu zote mbili, sawa, ila inapokea sauti ya moja tu kwa wakati mmoja. Simu ya pili ikitoa mlio wowote, iwe ujumbe umeingia, video imejicheza yenyewe au kibodi inalia ukiandika, spika inarukia huko na kuusimamisha wimbo. Spika iliyotengenezwa vizuri hurudi kwenye wimbo mlio ukiisha. Hii hairudi! Inakaa kimya mpaka mtu aguse kitufe, na vitufe vyenyewe ni vile visivyobonyea, havitambui kidole chenye maji wala mafuta. Jikoni nani ana kidole kikavu?

Chukua cacio e pepe. Watu wanaidharau kwa kuwa ina vitu vitatu tu: tambi, jibini ya kondoo aina ya pecorino romano, na pilipili manga. Hakuna pishi linalotaka mikono minne kama hilo. Kwa watu wawili wenye njaa, tambi gramu 240, pecorino gramu 160 iliyokunwa laini sana, na kijiko cha chai cha pilipili manga iliyopondwa saa hiyohiyo na kukaangwa kavu mpaka inukie. Maji ya kuchemshia yawe machache, lita mbili zinatosha, ili wanga unaotoka kwenye tambi uwe mzito. Chumvi weka kidogo tu, pecorino yenyewe ina chumvi nyingi. Zitoe tambi dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, umalizie kuzipika kwenye kikaango chenye pilipili na maji yake kidogo.

Halafu zima moto, subiri kidogo joto lishuke. Jibini ikikutana na joto la kupita nyuzi 65 hivi, protini zake zinashikamana, mafuta yanajitenga, unabaki na madonge yanayong'ang'ania koleo na maji meupe chini. Kwa hiyo mmoja anatikisa kikaango na kugeuza tambi bila kupumzika, mwenzake anamimina jibini iliyokorogwa na maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo. Ni muda mfupi, lakini huachi chochote. Ndipo ujumbe unapoingia kwenye simu ya rafiki yangu, spika inanyamaza, mmoja anaenda kufuta mikono ili aiguse. Akirudi, jibini imekaa chini kwenye chuma cha moto. Madonge.

Kinga ya madonge ipo. Mwaka 2025 wanafizikia wa Italia walichapisha utafiti kuhusu sosi hii hasa, wakaonyesha kwamba wanga wa asilimia 2 hadi 3 ya uzito wa jibini unaifanya istahimili joto. Kwa gramu 160 za jibini, gramu 4 za wanga wa mahindi. Koroga kwenye vijiko vikubwa vitatu vya maji, pasha mpaka ukaze na kung'aa, ongeza maji ya baridi upoe, ndipo uchanganye jibini. Tunafanya hivyo siku hizi na sosi haikatiki. Muziki bado unakatika.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Spika haijatengenezwa kuchezewa na watu wawili." Nikawatumia picha ya boksi lao wenyewe. Wakafunga mazungumzo bila neno. Hilo limeniudhi kuliko ubovu wenyewe, maana kitu kinaweza kuharibika, ila mteja aliyeshika ushahidi mkononi hafungiwi mlango.

Ukishakuwa nayo, unganisha simu moja tu. Kama ni ya Android, kwenye mipangilio yake ya Bluetooth zima swichi ya kupokea simu, acha ya muziki peke yake, kisha zima milio ya ujumbe na ya kibodi. Mwenzako aongeze nyimbo zake kwenye foleni ya pamoja ndani ya programu ya muziki. Hapo inacheza jioni nzima bila kukwama, na kwa kweli inapendeza. Nyota tatu. Hapana, mbili, kwa sababu ningetaka ya simu moja ningechukua yoyote. Nikikumbuka lile jibu lao, moja, na hiyo ni ya besi.

Kabla ya kulipia spika yoyote ya simu mbili, ijaribu palepale dukani: cheza wimbo kwenye simu ya kwanza, simu ya pili itumiwe ujumbe ikiwa na mlio, kisha subiri bila kugusa kitu. Wimbo usiporudi wenyewe, iache hapohapo kaunta.