Ofisi ya mbao au ya matofali: ipi inafaa Nyanda za Juu Kusini?

Swali hili huibuka kila taasisi inapotaka kujenga ofisi Mbeya, Iringa au Njombe, na kuhusu gharama jibu hutegemea umbali wa malighafi. Aliye Mafinga ni jirani wa Shamba la Miti Sao Hill, ambako misindano na mikaratusi huvunwa, hivyo usafirishaji wa mbao haumlemei. Aliye Mbeya mjini yuko karibu na kiwanda cha saruji cha Songwe, na kwake matofali yanaweza kuwa nafuu zaidi.

Katika wepesi wa kubadilisha mpangilio, mbao hushinda waziwazi. Kuta za ndani zisizobeba paa hufunguliwa na kuhamishwa bila kubomoa, na kwa kuwa jengo ni jepesi, msingi wake huwa mdogo. Mti pia huhifadhi kaboni, ilhali utengenezaji wa saruji huitoa kwa wingi.

Kwa matunzo, matofali yanaongoza. Mchwa na mvua za Novemba hadi Aprili huharibu haraka mbao isiyotiwa dawa, iliyokaushwa vibaya au inayogusa ardhi. Upenu mpana na msingi wa mawe ulioinuka ni lazima, na bustani ya pamoja, ambayo napenda iwe katikati ya majengo ili kila dirisha liione, isisogeze udongo wenye unyevu ukutani.

Taasisi inayokua, yenye fundi seremala hodari, ningeishauri ichague mbao. Ile isiyo na fungu la ukaguzi wa kila mwaka, ijenge kwa matofali.