ThinkPad T480 ya mtumba kwa developa (mwandishi wa programu) asiye na mshahara: uzoefu wangu

Kampuni niliyokuwa naifanyia kazi Dar es Salaam ilipopunguza wafanyakazi, laptopu ilibaki ofisini. Ukiwa na ajira husikii uzito wa jambo hilo, kwa sababu mashine ipo mezani kila asubuhi. Ukisharudi nyumbani Mbeya na begi la nguo ndipo inakuwa tatizo lako. Kiinua mgongo kwa sheria ya ajira ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza kazini, na mwisho ni miaka 10. Kwa mtu aliyekaa miaka michache, hela hiyo hainunui mashine mpya na chakula kwa pamoja. Nikaenda kwenye mtumba, nikachukua Lenovo ThinkPad T480.

Nilikuwa na sababu ya kung'ang'ania T480 na si zile zilizoitangulia, ambazo kwa macho tu ni kazi kuzitofautisha. T480 ilitoka 2018, nyingi zikiwa na prosesa za Intel za kizazi cha nane. Kizazi hicho ndicho kilichozitoa i5 za laptopu nyembamba kwenye kori mbili (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) kuzipeleka nne, na ndicho Windows 11 inachoanzia kukubali. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, kwa hiyo ukitajiwa bei ya kutupa ya ThinkPad ya nyuma ya hapo, ujue kwa nini. Mimi natumia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na mambo ya Windows hayanihusu sana, ila siku nikitaka kuiuza yatamhusu mnunuzi.

Duka lilikuwa maeneo ya Kabwe, hapa Mbeya, na tulivutana mpaka ikashuka chini ya laki sita. Muuzaji alikuwa na wimbo mmoja: "Kaka, hii imetoka Ulaya, haina shida." Sawa, imetoka Ulaya, lakini iwashe na ubonyeze F1 uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine. Ikidai nywila ya msimamizi, irudishe kwenye rafu, hata ukiapiwa kwamba yupo fundi wa kuifuta. Kwenye ThinkPad nywila hiyo haiondoki kwa kuchomoa kibetri cha bodi kama ilivyo kwenye kompyuta nyingi za mezani. Ukishapita hapo, angalia afya ya betri. Kama wameiwekea Windows, fungua kile kidirisha cheusi cha amri, andika powercfg /batteryreport, halafu linganisha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo ilionao leo. Betri ya ndani ya mashine yangu ilikuwa imebaki na kama nusu. Muuzaji hakuwahi kuiona ripoti ya namna hiyo. Aliisoma kimya, akapunguza bei bila mimi kusema neno.

Na hizo betri ndizo zilizonifanya niipende mashine hii kuliko ile mpya ya ofisini. Ziko mbili: moja imefungwa ndani, nyingine iko nje, unaichomoa kwa vidole. Ya nje ikiisha unaichomoa na kuchomeka nyingine huku programu zote zikiendelea, kwa kuwa ya ndani inashikilia mzigo. Nilitafuta ya nje ile kubwa ya 72 Wh. Inatokeza chini na kuinua mashine kwa nyuma, haipendezi hata kidogo, ila umeme ukikatika Uyole saa nne asubuhi mimi naendelea kufanya kazi mpaka jua linaelekea kuzama. Chaji inaingia pia kwa USB-C, hivyo chaja moja inatosha mashine na simu. Nimeweka na TLP, programu ndogo ya Linux inayoizuia chaji isipite asilimia 80 ninaposhinda kwenye umeme, maana betri ya lithiamu inachoka haraka ikikaa imejaa muda wote.

Ilikuja na GB 8 za RAM, kumbukumbu ya programu zinazoendelea. Kwa Android Studio, programu ya kutengenezea app za Android, hizo ni za kuombea Mungu: Google wenyewe wanataka angalau 16 kama unataka kuendesha emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta. Niliachana na emuleta, nikawa nachomeka simu ya zamani kwa waya na kujaribia humo humo, tena nashauri hata mwenye RAM nyingi afanye hivyo, kwa sababu simu iliyochoka ndiyo waliyonayo watumiaji. Baadaye nikaongeza GB 8 nyingine. T480 ina nafasi mbili za RAM, kitabu cha ufundi kinapatikana bure kwenye tovuti ya Lenovo, na bisibisi ya nyota inamaliza kazi bila fundi. Bando ni habari nyingine: Flutter na Gradle, vifaa vya kujengea app, mara ya kwanza vinakula GB bila huruma. Nilivipakua kwa bando la usiku, na tangu hapo vingi viko ndani ya mashine. Git, inayotunza historia ya mabadiliko ya kazi yako, nayo haihitaji intaneti mpaka utakapotaka kupandisha kazi yako juu.

Kazi yenyewe ni app ya simu, daftari la madeni la mama mdogo, anayeuza mchele na maharage soko la SIDO. Soko la Mwanjelwa liliungua 2006, na hilo la SIDO likaungua 2017. Mfanyabiashara aliyepitia moto hahitaji kuelezwa faida ya kuwa na nakala ya daftari sehemu nyingine. Nilichodhani kitanipa shida ni vipimo, kwa sababu mteja mmoja anakopa kwa kilo, mwingine kwa sado, mwingine debe zima, lakini hilo liliisha mapema: kila bidhaa ina vipimo vyake na bei zake. Kilichonikalisha usiku ni kwamba mama mdogo ana simu yake, binti anayemsaidia ana yake, na wote wanaandika bila intaneti. Mteja yule yule analipa elfu kumi huku na kukopa elfu tano kule. Simu zikija kuonana, ipi inasema kweli? Jibu lilikuwa kutolihifadhi deni kama namba moja inayobadilishwa. Kila mkopo na kila malipo ni mstari wake wenye utambulisho wa pekee, ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye simu yenyewe, na salio linakokotolewa kwa kujumlisha mistari. Simu zikikutana zinapeana mistari ambayo nyingine haina. Hakuna kinachofutwa.

Nalisema hili kwenye tathmini ya laptopu kwa sababu kwenye usaili wa hivi karibuni, kwa video, niliulizwa swali hilo hilo kwa maneno mengine, nikalijibu kwa habari za sado na debe. Msaili alicheka, kisha akauliza maswali ya ndani zaidi kuliko yote niliyowahi kuulizwa na watu waliokuwa wanasoma CV tu. Jibu lao bado nalisubiri. Kwa usaili wa video lakini, usitegemee kamera ya T480. Ni ya 720p, picha yake si kali. Kaa ukitazamana na dirisha, au tumia simu kama kamera.

Kioo nacho kikague kabla hujalipa. T480 zilitoka na vioo tofauti, na ile ya 1366 kwa 768 haikufai kuandikia programu, mistari inakubana. Dai ya 1920 kwa 1080. Kibodi ni nzuri kuliko nyingi za leo, ingawa ya mtumba inakuja na herufi zilizofutika na wakati mwingine za Kijerumani, ambapo Y na Z zimebadilishana nafasi. Yangu ni hiyo ya Kijerumani. Mama mdogo akiiona anauliza kama niliiokota.

Nani asiinunue? Anayelenga iPhone, kwa kuwa Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea app zake, inaendeshwa kwenye Mac tu. Na anayefundisha modeli kubwa za akili unde: hapa hakuna kadi ya michoro ya kubeba mzigo huo. Wengine wote, ukiikuta ina kioo cha 1080, BIOS haina nywila na RAM ni GB 8, usiongezewe laki kwa ahadi ya GB 16. Chukua hivyo hivyo, RAM utachomeka mwenyewe.