Kulala hemani Ziwa Jipe na watoto: uzoefu wangu

Likizo ya mtu wa Mombasa inajulikana: ufuo wa Pirates, Nyali, na akijikaza sana anavuka feri kwenda Diani. Nilipomwambia shangazi kwamba Agosti tunakwenda kulala hemani Tsavo, aliniuliza, "Kwani nyumba hamna?" Sikumlaumu. Kila niliyemuuliza habari za Ziwa Jipe, lililo pembezoni mwa mbuga ya Tsavo Magharibi, alinijibu habari za hoteli za Voi. Basi naandika kwa mwenye familia, gari na bajeti ya kawaida anayetaka kujua kama safari hii inafaa. Inafaa, lakini kwa anayekubali kujitegemea kwa kila kitu, hata maji ya kunawa.

Njia si ngumu. Mpaka Voi ni kama kilomita 150, mkigombania barabara na malori ya makontena. Pale unakata kushoto kuelekea Mwatate, kisha ni lami nzuri inayokatiza ndani ya Tsavo Magharibi. Watoto waliona ndovu hata kabla hatujafika geti. Karibu na Taveta unaiacha lami na kushika ya vumbi kushoto hadi geti la Jipe. Wakati wa kiangazi, kwa gari la juu, haina neno. Masika singejaribu.

Malipo yamalizeni nyumbani. Mbugani pesa taslimu hazipokelewi, unalipa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kitambulisho kisisahaulike. Mtandao kule ni wa kubahatisha. Mpaka wa nchi unapita katikati ya ziwa, na simu yangu ilikuwa ikikaribishwa Tanzania kila mara ilhali nimeketi Kenya nakatakata vitunguu. Chupa za maji za plastiki, zile za kutumia na kutupa, ziacheni pia. Zimepigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020. Sisi tulijaza madumu.

Sasa ziwa lenyewe. Watoto wangu wakiona maji wanavua viatu, ndivyo walivyolelewa. Jipe hakuna hilo. Mna mamba na mna viboko, na mtoto hasogei ukingoni bila mkubwa. Ufuo wa mchanga pia usiutafute, kwa kuwa sehemu kubwa ya ukingo imefunikwa na mafunjo na matete. Ziwa ni la kina kifupi, hata mita 3 ni shida kufika, na mto Lumi, unaotoka pande za Kilimanjaro, unaliletea udongo kutoka mashambani huko juu. Majani yanapata pa kushika. Mume wangu alinung'unika kwamba amesafiri kutwa nzima kuja kutazama majani. Kesho yake alfajiri, tulipomaliza kuswali, mawingu yalikuwa hayajapanda bado na Kilimanjaro ikaonekana yote, mita 5,895, theluji na kila kitu. Hakunung'unika tena, au angalau si kuhusu majani. Ndege nao ni wengi ajabu: yangeyange, mnandi, korongo wa kila namna. Anayependa ndege na ana darubini asilale mpaka jua kali.

Usiku ndio uliotufunza. Pale pa kupigia mahema msitarajie ua wa kuwatenga na wanyama. Viboko mchana kutwa wako majini, hawana habari na mtu. Giza likiingia wanapanda nchi kavu kula nyasi, na mmoja anaweza kumaliza kilo 40 kwa usiku. Unalala unasikia nyasi zinang'olewa nje, kruu, kruu, halafu kimya, halafu pumzi. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, alikuwa ametueleza mapema na kwa utaratibu: ukitaka kutoka, mulika kwanza pande zote, usijiweke baina ya kiboko na ziwa, na matunda msilale nayo, ndovu ananusa chungwa kutoka mbali. Machungwa tukayafungia ndani ya gari. Kwa wenye watoto wadogo nitasema wazi: bebeni ndoo yenye kifuniko. Ilikuwa na faida kuliko tochi, jiko la gesi na viti vya kukunja vikijumlishwa, maana hakuna aliyelazimika kutoka nje saa nane za usiku.

Hema ndilo lililonikera. Tulilikodi duka moja la mjini, jina nitalihifadhi. Waliniambia ni la watu wanne. Labda wanne wasiojuana na chakula. Vigingi vyake vilikuwa kama waya wa kutundikia nguo, na ardhi ya kule kiangazi ni ngumu kama sakafu, vikapinda kimoja baada ya kingine. Alasiri upepo ulipoanza, tulifunga kamba kwenye madumu ya maji na kwenye gurudumu la gari. Kisha zipu ya mlango ikakwama katikati, wakati mbu ndio wanatoka. Nililiziba pengo kwa leso na pini, tukajipaka dawa ya mbu mpaka masikioni. Malaria si ya kufanyia mzaha. Niliporudisha hema, mwenye duka alikata sehemu ya amana yangu kwa ajili ya vigingi. Ukikodi, lisimamishe hapohapo dukani, fungua na ufunge zipu zote mbele yake, ndipo utoe pesa. Au chukua mabanda ya mbugani yenye vitanda na pa kupikia. Mwenye mtoto mchanga nisingemshauri vingine.

Chakula tulipika wenyewe. Mahamri ya kutoka nyumbani na sturungi, chai isiyo na maziwa, asubuhi, wali mchana, na jioni moja ngege wabichi tuliowanunua kijijini nje ya geti. Ziwa hili lina ngege wa aina yake, asili yao ni maji haya haya ya bonde la Pangani. Mimi niliwapenda, nimewakaanga kwa ndimu na pilipili. Mume wangu, mtu wa changu na tafi, alisema anasikia ladha ya tope, kisha akala wawili.

Tulirudi Jumamosi kwa makusudi, kwa kuwa soko la Taveta huwa Jumatano na Jumamosi. Ndizi nyingi tunazonunua soko la Kongowea zinatoka huko. Acheni nafasi kwenye buti. Sisi hatukuacha, na mikungu ilisafiri mpaka Mombasa miguuni mwa watoto.