Semina ya Safe Zone chuoni: niliyoyaona kabla na baada ya sheria ya Texas

Nimehudhuria semina ya Safe Zone, yaani “eneo salama”, mara tatu nikiwa mtumishi wa ofisi ya makazi ya wanafunzi katika chuo kikuu kimoja cha umma huko Texas: mwaka 2022 nilikwenda kwa hiari yangu, mwaka 2023 nikaagizwa na mkuu wa idara, na mwaka 2024 nikaifuata nje ya chuo, kwa kuwa chuo chenyewe kilikuwa kimekwisha kuacha kuitoa. Ninawaandikia wenzangu wanaofanya kazi au kusoma Marekani, ambao huenda wakaalikwa kwenye kikao kama hicho wasijue wanaingia wapi. Aliyezoea semina za nyumbani ajue mapema kwamba hapa hakuna posho, na chai ni ya kujimiminia.

Semina za aina hii zilienea katika vyuo vya Marekani kuanzia miaka ya 1990. Zinamlenga mhadhiri, karani au mlezi wa bweni, ili ajue namna ya kumhudumia mwanafunzi ambaye ni LGBT, yaani anayempenda mtu wa jinsia yake, au ambaye jinsia anayojitambua nayo siyo aliyoandikiwa alipozaliwa, bila kumdhalilisha wala kumtolea siri. Ukimaliza unapewa stika ya kubandika mlangoni, ishara kwamba kwako mwanafunzi huyo yuko salama. Yetu ilikuwa na pembetatu ya waridi, alama ambayo Wanazi waliwashonea wafungwa waliokamatwa kwa kosa la ushoga, na ambayo wanaharakati wa baadaye waliichukua wakaifanya yao.

Saa ya kwanza ilinichosha. Tuligawiwa karatasi yenye istilahi zaidi ya thelathini, tukatakiwa kuoanisha kila neno na maana yake kama watoto wa darasa la tano, na mwezeshaji akawa anasahihisha kwa upole ambao baada ya muda unakera. Likaja zoezi la viwakilishi, yaani maneno ya Kiingereza kama “he” na “she”, kila mmoja ataje anavyopenda kuitwa. Mimi, ambaye lugha yangu inasema “amekuja” bila kuuliza aliyekuja ni mke au mume, na ambaye kwa miaka minane nimekuwa nikichanganya viwakilishi vya kike na vya kiume vya Kiingereza hata ninapomtaja bosi wangu, nilijikuta ndiye mwenye makosa mengi kuliko wote mezani, na bado hakuna aliyenidhania mbaya. Ajabu ni kwamba karibu malumbano yote ya nje ya semina yamejengwa juu ya sehemu hii iliyo dhaifu kuliko zote. Huko Ohio, Nicholas Meriwether, mwalimu wa falsafa katika Shawnee State University, alipewa onyo kwa kukataa kumtaja mwanafunzi kwa viwakilishi alivyoomba. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaamua kwamba kesi yake dhidi ya chuo iendelee, na mwaka uliofuata chuo kikakubali kumlipa dola 400,000 ili yaishe.

Saa ya pili ndiyo iliyonifanya niisifu semina hii. Tuligawiwa kadi zenye visa. Yangu ilisema hivi: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefika dirishani saa nne usiku akiomba kuhamishwa chumba, kwa sababu mwenzake wa chumbani ametishia kuwapigia wazazi wake na kuwaambia kwamba ana mpenzi wa jinsia yake, asubuhi yake mama mzazi anapiga simu ofisini kuuliza kwa nini mwanawe amehama. Utasemaje? Nilijibu kwa moyo wa mzazi, kwamba mama hafichwi habari za mwanawe. Mwezeshaji hakunihubiria. Alinikumbusha kwamba sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za mwanafunzi hata mbele ya mzazi wake, akanifundisha sentensi moja ya heshima ya kumwambia mama huyo, kisha akatupa namba ya simu ya kituo cha chuo ambapo mtu mzima mwenye uzoefu angepokea hata usiku. Hapo niliona nimefundishwa kazi yangu.

Kikao cha mwaka 2023 kilikuwa tofauti, kwa kuwa wengi tulikuwa tumeagizwa. Fundi mmoja mkuu wa matengenezo, mzee wa kanisa, alikaa amekunja mikono mpaka stika zilipoanza kugawiwa, ndipo akauliza: “Mlango wa jirani yangu ukiwa na stika na wangu hauna, wanafunzi watanionaje mimi, ambaye kwa miaka ishirini sijamkosea hata mmoja?” Lilikuwa swali la haki kuliko yote niliyoyasikia katika vikao vitatu. Mwezeshaji alitabasamu, akasema stika ni hiari, akafungua slaidi iliyofuata. Wanasosholojia Frank Dobbin na Alexandra Kalev walikwisha kuandika mwaka 2016 kwamba mafunzo ya lazima ya namna hii mara nyingi huzaa ukinzani badala ya kuuondoa, na siku ile niliuona ukizaliwa nikiwa nimekaa viti viwili kutoka kwa mzee wa watu.

Wakati huo sheria ilikuwa njiani. Juni 2023 Gavana Greg Abbott alitia saini muswada wa Seneti namba 17, ulioanza kutumika Januari 1, 2024, ukivikataza vyuo vya umma vya Texas kuwa na ofisi za anuwai na ujumuishi, yaani za kuhimiza watu wa kila asili na hali wakubalike chuoni, na kuendesha mafunzo yanayohusu rangi, kabila, utambulisho wa kijinsia au mwelekeo wa kimapenzi, isipokuwa yale yaliyoandaliwa na wakili na kuidhinishwa kwa maandishi kwa ajili ya kutii sheria au amri ya mahakama. University of Houston ilikifunga kituo chake cha wanafunzi wa LGBT hata kabla ya tarehe hiyo. Kwetu stika zilikwanguliwa wakati wa likizo ya Krismasi, na kwenye kioo cha mlango wangu imebaki alama ya gundi ya mraba ambayo sabuni imeshindwa kuitoa.

Badala ya semina tuliletewa video ya kutazama peke yako kwenye kompyuta, yenye maswali mwishoni. Imetengenezwa vizuri na inaeleza wazi yasiyoruhusiwa, lakini mwanafunzi wa saa nne usiku hayumo ndani yake. Namba ya kituo bado ninayo kwenye kadi. Ukiipiga unajibiwa kwamba haitumiki.

Sheria hiyo haigusi ufundishaji wa darasani, utafiti, wala shughuli za vyama vya wanafunzi, na ndiyo maana kikao cha tatu kiliandaliwa na wanafunzi wenyewe katika chumba cha maktaba ya mji. Piza ilikuwa ya baridi, na projekta iligoma kwa nusu saa, jambo lililotuokoa na istilahi, tukaingia moja kwa moja kwenye visa. Sheria ya 1974 hakuna aliyeijua vizuri, ikabidi niieleze mimi.

Semina ya chuo ninaipa nyota tatu kati ya tano, zote kwa saa ya pili; ile ya wanafunzi nyota tatu na nusu; video nyota mbili, kwa uwazi wake. Ukialikwa kwa hiari, nenda, na uwaombe wenyeji waanze na kadi za visa kabla watu hawajachoka. Ukiagizwa, nenda vilevile, lakini kama una swali kama la yule fundi, liulize mapema, kabla ya stika kutolewa, na usikubali slaidi ibadilishwe mpaka ujibiwe.